Aina Tano za Watu na Mmoja Nisiyemsikia

Vijana wawili mliobaki na funguo za chumba cha ushauri mliniomba, siku ile ya kuniaga kwa soda na keki, niwaandikie mambo ya kazi "kabla hujasahau, mama." Sijasahau, na natamani ningekuwa nimesahau. Huu ni mwezi wa tatu nipo nyumbani Mbeya. Viazi nimeshapanda, makabati nimeshayapanga mara mbili, na jirani yangu amechoka kunikaribisha chai. Basi nimekaa kuandika. Habari za vyeo sitazieleza, kwa kuwa nilipanda mara moja tu na hakuna aliyeona tofauti, hata mimi mwenyewe.

Elimu yangu ni darasa la saba, Tukuyu. Nilianza kazi kama mhudumu kwenye wodi ya wagonjwa wa akili katika hospitali moja ya hapa mjini. Siku ya kwanza nilipewa dekio, ndoo mbili, na funguo tatu zilizofungwa kwa kamba ya kiatu. Ilikuwa majira ya baridi, ile baridi ya Mbeya inayopasua midomo. Nikaanza kudeki kutoka mlangoni kwenda ndani. Hilo ni kosa la mgeni, maana ukimaliza unajikuta umesimama katikati ya sakafu yenye maji, umezungukwa na watu usiowajua, na mlango uko mbali. Mwanamume mmoja aliyejifunika blanketi mpaka kichwani akaniuliza, "Dada, wewe ni mgonjwa au mfanyakazi?"

"Mfanyakazi," nikasema.

"Wote husema hivyo siku ya kwanza."

Nesi mkuu wa wodi alicheka mpaka akakaa. Halafu akanifundisha kitu ambacho sijawahi kukikuta kwenye semina yoyote: usisimame kati ya mgonjwa na mlango, na ukitaka akuambie kitu, kaa mahali palipo chini kuliko alipokaa yeye. Nilinunua kigoda kifupi sokoni Mwanjelwa, nikakitumia miaka yote niliyokuwa wodini. Kwenye kigoda kile nilisikia mengi, kwa sababu hakuna anayemwogopa mwanamke mwenye dekio.

Lakini pia tulikuwa na tabia ambayo leo nawaambia bila kuficha. Mgonjwa akifika, kabla hajavua viatu, tulikuwa tumeshamaliza kumjua. Huyu Msafwa, hatasema. Huyu Mnyakyusa mwenzangu, atasema mpaka alfajiri. Huyu Mhehe, mwondoleeni mkanda asije akajiua. Tabia hiyo tuliiita uzoefu. Na mara nyingine tulipatia, na kupatia kule ndiko kulikotuharibu.

Halafu akaja Sista Benigna. Alikuwa Mbena, mfupi, mwenye saa ya kiume mkononi, na alikuwa amesomea nje tiba ya mazungumzo inayoitwa Gestalti. Neno hilo ni la Kijerumani. Sista alisema maana yake ni umbo zima, kama unavyomwona mtu anakuja barabarani ukamjua kabla hujaanza kuhesabu pua na masikio. Aliwafundisha manesi kila Jumamosi kwenye chumba cha kulia cha wodi. Mimi niliingia kufuta meza. Akaniuliza, "Wewe ndiye unayekaa kwenye kile kigoda?" Nikasema ndiyo, nikidhani nimekosa. Akasema, "Weka kitambaa, kaa hapa." Nikakaa. Manesi wawili walitazamana. Ndivyo nilivyoanza.

Sista alitufundisha kwamba mtu ana ngozi mbili, ile ya mwili na nyingine isiyoonekana, na kwenye hiyo ya pili ndiko anakokutana na wenzake. Watu wakiogopa kukutana, hutumia njia zilezile. Alitupa majina matano ya Kiswahili, kwa kuwa yale ya Kizungu alisema yanakwama kooni. Wa kwanza ni mmezaji: humeza maneno ya wakubwa mazimamazima bila kutafuna, akaishi nayo tumboni kama mawe. Wa pili ni mrushaji: lililo lake humtupia mwenzake, akichukia husema anachukiwa. Wa tatu ni mjigeuzia: anachotaka kumtendea mwingine hujitendea mwenyewe, ngumi aliyomwandalia mtu huirudisha kwake. Yuko mkwepaji, ambaye ukimuuliza habari ya kidonda atakueleza habari ya bandeji. Na yuko myeyukaji, anayepotea ndani ya watu wake kama chumvi kwenye mboga, mpaka ukimuuliza wewe unataka nini anamtazama mumewe.

Tukaandika kwenye madaftari kwa furaha kubwa. Mwishoni Sista akapiga meza kwa kiganja. "Sikilizeni. Hizi si aina za watu. Ni mambo ambayo mtu anayafanya. Asubuhi anaweza kumeza, mchana akarusha. Ukimwona mtu ameganda kwenye jambo moja, jua kwamba zamani jambo hilo lilimwokoa. Mtoto anayepigwa kila akijibu, hujifunza kutojibu. Akifika miaka arobaini hajibu hata ukimuuliza anaumwa wapi."

Niliandika majina yote matano. Onyo sikuliandika. Lilionekana refu.

Kanisa lilipofungua kituo cha ushauri Ipogolo, pale chini ya Iringa mjini, Sista alipewa akisimamie, akaniomba niende naye. Mnakijua kituo kile, ila hamkukijua kikiwa na vyumba viwili tu. Malori yalipopita madirisha yalitetemeka, na tulijifunza kunyamaza katikati ya sentensi kama watu wanaosubiri kengele ya kanisa iishe. Kwenye masjala alikuwako mzee Kalinga, Mhehe, mguu mmoja mbovu, mkali wa mafaili na mpole wa mengine yote. Ndiye aliyeandika kwa mkono wake lile tangazo la mlangoni: Yanayosemwa humu hubaki humu. Aliniita mama Tumaini. Sikumwambia kwamba Tumaini, binti yangu, amelala Tukuyu tangu akiwa na miaka kumi na mmoja. Kuitwa mama yake kila asubuhi ndiyo njia pekee iliyobaki ya kusikia jina lake, kwa hiyo nilinyamaza.

Kabla ya kuniruhusu kukaa na wateja, Sista alinikalisha mimi. Aliweka kiti kitupu mbele yangu, akarudi nyuma. Hakusema ni cha nani. Akangoja, akauliza tu, "Unamwona nani?" Nikamwona binti yangu na sweta lake la shule. Nikaongea Kinyakyusa, sikumbuki kwa muda gani, na Sista hakujua Kinyakyusa hata salamu. Nilipomaliza aliniacha nipenge kamasi. Halafu akasogea karibu. "Sasa niambie ulichomwambia. Kile unachoweza." Nikamwambia. Mpaka leo yeye ndiye mtu pekee aliyewahi kuyasikia.

Nikaanza kazi. Kila mteja alikuwa na kadi ngumu ya rangi ya maziwa, na kwenye pembe ya juu niliandika aina yake. Sista alitaka penseli. Mimi nilitumia kalamu ya wino, kwa sababu penseli hufutika kwenye unyevu, na kwa sababu nilipenda jinsi wino unavyoonekana umeamua. Nikawa hodari. Mteja akivuka kizingiti, nilikuwa nimeshaandika. Mzee Kalinga alikuja siku moja na chai yake akaegemea mlango.

"Mama Tumaini, na mimi ni aina gani?"

"Mkwepaji."

"Kwa nini?"

"Kila nikikuuliza habari za mguu wako, unanieleza habari za mvua."

"Mvua ina faida kuliko mguu," akasema, akaenda zake.

Sista alizikagua kadi zangu siku moja, moja baada ya nyingine, akiwa amevaa miwani. Hakugomba. Aliuliza tu, "Humu ndani kuna watu, au kuna makabila? Yale ya zamani tumeyaacha nje ya mlango, mama. Usituzalie mapya." Niliona aibu kwa wiki moja. Wiki ya pili nikarudi kwenye wino. Mwaka uliofuata Sista akaugua, wakamrudisha nyumba kuu ya shirika lake, na huko akafariki. Hakupatikana wa kukagua kadi zangu tena. Nawaandikia hivi mjue kwamba nilionywa. Sitaki mseme nilikosea kwa kutojua.

Sasa nifike kwa Lukelo. Nimezunguka sana kabla ya kufika kwake, na mnajua Sista angeniita nani.

Alikuwa mkulima wa nyanya kutoka Ilula, miaka thelathini na kitu, mrefu, kofia ya sufu mkononi. Aliletwa na mkewe, mama Neema, ambaye huuza nyanya hizohizo kando ya barabara kuu. Siku ya kwanza mama Neema ndiye aliyeongea.

"Hali, halali, hagombi. Mama, bora angegomba. Ningejua yumo."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Lukelo alikuwa na mdogo wake mmoja, Festo. Baba yao, mzee wa kanisa, alimkataza Lukelo kwenda kuchimba dhahabu Makongolosi. Lukelo akaenda. Festo akamfuata kaka yake. Shimo likaporomoka, na Lukelo akarudi Ilula na mwili wa Festo. Siku ya mazishi baba alisema mbele ya watu, "Nilikuwa na watoto wawili, sasa sina." Kuanzia hapo hakumsemesha tena. Mzee alipopata kiharusi, Lukelo ndiye aliyemlisha uji kwa kijiko, miezi mingi. Mzee alifungua mdomo, akala, akafumba. Akafa bila neno. Baada ya kumzika baba, Lukelo ndipo alipoacha kula.

Nilimuuliza Lukelo, "Ndivyo ilivyokuwa, mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

"Unajiona una hatia?"

"Ndiyo, mama."

"Na wewe unaonaje, ni haki baba yako kusema vile?"

"Ndiyo, mama."

Nikaandika pembeni: Mmezaji. Ilinichukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha maji. Niliona pia kitu kingine. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekamata kifundo cha mkono wa kushoto, na umekikaba mpaka vidole vimekuwa vyeupe, na alikuwa akivuta pumzi bila kuitoa. Sista alitufundisha kutazama mikono na pumzi kabla ya maneno. Mtu anayejikaba hivyo, mtu huyo ana hasira na amekosa pa kuipeleka. Huyo ni mjigeuzia, na ni hatari kuliko mmezaji. Niliona, nikapita, kwa sababu kadi ilikuwa imeshaandikwa.

Walipoondoka nilimwambia mzee Kalinga, "Kijana ana 'ndiyo' nyingi huyu."

"Amelelewa huyo. Ulitaka akujibu nini, mama mtu mzima kama wewe? Kwetu hata ukiniambia mvua inanyesha, na jua linawaka, nitasema ndiyo, mama. Halafu nitakwenda kuanika mahindi yangu."

Nilicheka. Nilipaswa kukaa chini nikafikiri. Kwa majina yale ya Sista nilivyoyatumia mimi, Iringa nzima ni wamezaji, na Tukuyu yote pia, kwa kuwa huku hakuna mtoto aliyefunzwa adabu anayemwambia mtu mzima hapana. Nilichukua heshima ya mtu nikaifanya ugonjwa, na ugonjwa wenyewe nikauacha mkononi mwake.

Kila alipokuja alileta ndoo ndogo ya nyanya, yenye mpini wa waya. Mnajua desturi: chombo cha mtu hakirudi kitupu. Mara ya kwanza niliimwaga kwenye beseni, nikamrudishia ndoo na mkungu mdogo wa ndizi. Mara ya pili nikatia sabuni na majani ya chai. Mara ya pili hiyo aliongea kidogo zaidi. Alisema bei ya nyanya imeanguka, na kwamba Festo alikuwa na sauti nzuri ya teno kwenye kwaya. Nilimrudisha kwa baba. Nilikuwa na mpango. Mmezaji hutapishwa alichomeza, na aliyemlisha ni baba, kwa hiyo baba lazima akalishwe kwenye kiti.

Mara ya tatu ilikuwa Alhamisi. Mama Neema alibaki nje kwenye benchi, akifuma sweta, kwa sababu utaratibu wetu ni kwamba ndugu hungoja nje na mlango hufungwa. Niliweka kiti kitupu mbele ya Lukelo. Sikumuuliza anamwona nani. Nilisema, "Baba yako amekaa pale. Mwambie."

Alisimama. Alishika kofia kwa mkono wa kushoto, wa kulia umekamata kifundo chake kama siku ya kwanza, akainamisha kichwa kidogo kama mtu anayesalimia. Akaniuliza, "Naweza kusema kikwetu, mama?"

"Sema tu, mwanangu."

Akasema Kihehe. Mimi nilikuwa nimekaa Iringa miaka tisa na nilijua salamu ya kamwene na maneno ya sokoni tu. Aliongea taratibu, bila machozi, akikitazama kile kiti. Malori yalipita, hakuyangoja. Mahali pamoja alicheka, kicheko kidogo cha kweli, kama watu wanaokumbushana jambo la utotoni. Kisha sauti ikashuka, akasema kitu kifupi, akasema tena kilekile. Mkono wake wa kulia ukauachia wa kushoto. Pumzi ikatoka.

Nilifurahi. Nilisema moyoni, ametapika. Sikusogea karibu. Sikumwambia, niambie ulichosema, kile unachoweza. Sikuona haja, kwa kuwa nilikuwa ninajua: mmezaji amemrudishia baba mawe yake. Nilimuuliza tu anajisikiaje, akasema, "Vizuri, mama. Nashukuru sana." Uso wake ulikuwa umelainika. Nikaandika kwamba amepata nafuu, arudi baada ya wiki mbili.

Nikachukua ndoo nikaimwage. Akanizuia kwa adabu.

"Ndoo baki nayo, mama. Itakusaidia."

Vijana, nimezaliwa huku huku milimani. Nimejua tangu nikiwa na urefu wa meza kwamba chombo cha jirani ni sababu ya jirani kurudi. Mtu hakuachii ndoo nzima, nzuri, ndoo ambayo mkewe anaihitaji barabarani kila siku, isipokuwa hana mpango wa kuifuata. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma. Na bado nilichofikiri pale ni kwamba wamezaji hupenda kuwafurahisha wakubwa. Nikasema asante.

Nje, mama Neema aliinuka akautazama uso wa mumewe. Lukelo akamtabasamia. Mama Neema akanigeukia, akaunganisha viganja vyake. Wakavuka barabara kungoja basi.

Siku ya tatu mzee Kalinga aliingia bila kubisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikuwa amevua kofia.

"Mama Tumaini. Lukelo wa Ilula amejiua."

Nikamuuliza swali la kijinga. Nikasema, "Lukelo yupi?"

Nilikwenda msibani na kilo za sukari, nikakaa na akina mama, nikamenya viazi. Hakuna aliyenilaumu. Mama mmoja alinishukuru kwa kuja kutoka mjini. Mazishi yalikuwa mafupi. Walimlaza karibu na Festo, na upande wa pili wa Festo yuko baba yao.

Baada ya wiki kadhaa mama Neema akaja kituoni peke yake. Nilimkaribisha ndani, akasema hapana, akakaa kwenye benchi lilelile. Nikakaa naye.

"Mama, sina neno na wewe. Nimekuja kuuliza kitu kimoja. Siku ile mle ndani alisema nini?"

"Sijui, mama Neema."

"Nilisikia sauti yake. Mwaka mzima alikuwa hajasema maneno mengi hivyo, kwangu wala kwa Neema. Malori yalinizuia, na mlango ulikuwa umefungwa, sikushika neno. Lakini nilisikia sauti. Nilimshukuru Mungu hapa hapa nilipokaa."

"Alisema Kihehe. Mimi sikijui."

"Aliongea na nani? Na mzee, au na Festo?"

Hapo ndipo nilipotambua kwamba hata hilo sikulijua. Nilimpa kiti cha baba, lakini mtu aliyecheka vile, sauti ile ya chini, sijui alikuwa anamtazama nani. Pengine alikuwa anampa Festo habari kwamba anakuja. Pengine alikuwa anaomba mtu amkataze. Mtu yeyote wa Ipogolo, muuza karanga, utingo wa lori, angeielewa ile sauti. Mimi peke yangu ndiye niliyekaa pale, na sikuuliza.

"Sijui," nikasema tena.

Mama Neema aliinua macho akalitazama lile tangazo la mlangoni kwa muda mrefu. Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeelewa, akaniaga kwa heshima. Mimi sikuelewa alichoelewa.

Mzee Kalinga aliniambia baadaye, "Ungemwambia alisema kwaheri. Ungemwambia alitaja jina la mtoto. Nani angekuuliza ushahidi?" Alisema kwa huruma. Kumtungia marehemu maneno sikuweza. Nilikuwa nimeshamtungia aina, na hilo lilitosha.

Sikuacha kazi. Pengine nilipaswa. Nilifanya kazi miaka mingine minne, nikiuliza kila mtu unamwona nani, nikiuliza umesema nini, nikimwita mzee Kalinga aje atafsiri mteja akiridhia. Kadi niliziacha pembe tupu. Watu walisema nimekuwa mshauri mzuri. Kila waliposema hivyo niliona sweta lile linavyofumwa kwenye benchi. Husemwa kwamba kosa ni mwalimu. Sawa, lakini mimi ndiye niliyefundishwa, na ada alilipa Lukelo. Sijui hesabu ya haki inayoweza kulifanya jambo hilo likae sawa, na nimeacha kuitafuta. Mkitaka kutumia yale majina matano, yatumieni. Yana ukweli. Lakini mtakapojisikia mmeshamjua mtu, hapo mjue kwamba mmeacha kumtazama.

Juma langu la mwisho nilipanda basi kwenda Ilula kumuaga mama Neema. Nilimkuta kando ya barabara, amepanga nyanya kwenye visado, vile vindoo vya kupimia, amekonda, Neema yuko shule. Tukasalimiana kirefu. Alinichagulia nyanya ngumu za kufika nazo Mbeya.

"Kwa hiyo umestaafu kabisa, mama? Hurudi tena pale?"

"Kabisa. Keshokutwa nasafiri."

Akajifuta mikono kwenye kanga. Alikuwa na haya kidogo, kama msichana.

"Basi sasa unaweza kuniambia."

"Kukuambia nini, mwanangu?"

"Alichosema. Siku ile uliponiambia hujui, nilielewa. Nilisoma pale mlangoni: yanayosemwa humu hubaki humu. Nikasema, ni kazi yao, wameapa, nisimtie mama makosani. Nimekaa nikingoja ustaafu. Nilikuwa namwambia hata Neema, maneno ya baba yapo, yametunzwa na mama wa Ipogolo, siku moja atatupa."

Miaka minne. Alikuwa amelala na kuamka juu ya hilo miaka minne, na mimi ndiye niliyekuwa mtunzaji.

Nilimtazama. Nilikuwa na maneno ya kutosha mdomoni; kazi yangu yote ilikuwa maneno. Lingetosha moja tu la kutunga.

"Sikukuficha, mama Neema," nikasema. "Sikujua. Hayapo."

Hakulia. Alibaki ameshika nyanya moja, akiigeuza. Basi la abiria likasimama upande wa pili wa barabara, wenzake wakaanza kukimbia, na yeye akabeba beseni lake kichwani, akavuka, akaenda kusimama chini ya madirisha, akipaza sauti kama wengine. Basi likaondoka, likaja jingine. Nilingoja. Alihudumia na hilo, kisha la tatu, na hakurudi upande wangu.